Opareta anazubaa mbele ya mtambo unaojiendesha: tumlaumu yeye au tubadilishe kazi yenyewe?

Zamu_ya_Tatu (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Kadiri viwanda, bandari, treni na hospitali zetu zinavyoingiza mitambo inayojiendesha, watu wengi waliokuwa wakifanya kazi kwa mikono wanawekwa kwenye kiti waangalie mtambo ukifanya. Mtu akipitiwa, tunamwita mzembe. Mimi napinga, na naomba mnisikilize kwanza kabla ya kunirushia mawe.

Ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha saruji, jina la kiwanda tuliache. Tanuri linajirekebisha lenyewe: mzunguko, makaa, hewa, malighafi inayoingia. Usiku ukiwa mzuri, opareta wa chumba cha udhibiti anaweza kukaa kuanzia saa nne hadi alfajiri bila kugusa kitu cha maana. Hivi karibuni kijana mmoja, makini kuliko wengi, hakuona joto la ganda la tanuri likipanda sehemu moja. Aliyeshtuka ni mtu wa patroli aliyepita nje akaona doa jekundu kwenye chuma, maana yake matofali ya ndani yameshaondoka pale. Kijana kapewa barua ya onyo. Sababu: "uzembe kazini".

Sasa tazameni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na watu wa rada ndani ya ndege zilizosaka manowari. Ishara zilitokea kwenye skrini, watu wakazikosa. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza saa yenye mshale mmoja, uso mweupe usio na namba. Mshale unaruka hatua moja moja, na mara chache sana unaruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi ya anayetazama ni kubonyeza anapoona mruko wa hatua mbili, kwa muda wa saa mbili. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba uwezo wa kuona ile miruko ulishashuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Hao walikuwa vijana wa jeshi, wenye afya, wanaojua wanapimwa. Sisi tunamkalisha mtu saa nane.

Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, naye mwanasaikolojia wa Uingereza, akaonyesha mkanganyiko uliopo hapa. Mtambo umepewa kazi kwa sababu unaifanya vizuri kuliko mtu, halafu mtu huyohuyo anawekwa kuuangalia kama unafanya vizuri. Na akiitwa kuingilia, anaitwa wakati mambo yameshaharibika, huku mikono yake imeshaanza kuisahau kazi.

Mfano wake mchungu ni ndege ya Air France namba 447, tarehe 1 Juni 2009, kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Juu ya Atlantiki vifaa vya kupima kasi viliziba kwa barafu, otopailoti ikajitoa, na marubani wawili waliokuwa kwenye viti wakakabidhiwa ghafla ndege iliyo karibu futi 35,000. Rubani mkuu alikuwa ameenda kupumzika. Pua ikainuliwa, mabawa yakashindwa kubeba ndege, na dakika chache baadaye watu 228 walikuwa wamekufa. Barafu yenyewe ilikuwa ya muda mfupi, vipimo vikarudi. Kilichokosekana ni mtu aliyekuwa amezoea kuishika ndege ile kwa mkono kwenye kimo kile.

Swali langu kwenu mnaofanya kazi za kuangalia mitambo: kwenu mnafanyaje ili mtu abaki macho kweli?

Nyundo

Mkuu nakuheshimu, ila hapa nakupinga. Nimesimamia walinzi na madereva muda mrefu. Mtu akijua hafuatiliwi anabweteka, huo ndio ubinadamu. Leo unamtafutia sababu za kisayansi, kesho kila anayesinzia atakuja ofisini na Mackworth wake mkononi. Weka kamera, kata mshahara wa siku, uone macho yanavyofunguka. Kijana alilipwa kwa kazi moja tu, kuangalia. Hakuangalia.

Zamu_ya_Tatu

Nyundo, asante kwa kusema wazi. Lakini kamera itakuonyesha macho yaliyo wazi, na ya yule kijana yalikuwa wazi. Kumbukumbu ya kompyuta inaonyesha alikuwa anafungua kurasa moja baada ya nyingine, ukurasa wa joto la ganda ukiwemo. Aliutazama, hakuuona. Usiku baada ya usiku ule mchoro unakuwa vilevile, mpaka ubongo unaacha kuusoma na kuanza kuukumbuka. Ukimkata mshahara atakodoa macho zaidi. Sioni itakavyomsaidia kuona zaidi.

Baharia_wa_Wete

Asalaam aleikum jamaa. Mimi ni afisa wa meli za mizigo, lindo langu ni lile la saa sita usiku hadi saa kumi, kwa hiyo mada hii naijua mwilini.

Melini kuna kifaa cha kumwamsha afisa wa lindo, kimelazimishwa na sheria za kimataifa kwa meli mpya tangu 1 Julai 2011, na za zamani zikafuata kwa awamu. Kinapangwa kati ya dakika 3 na 12. Muda ukifika taa inamulika darajani, yaani chumba cha kuongozea meli. Usipobonyeza ndani ya sekunde 15, kinalia. Ukiendelea kunyamaza sekunde nyingine 15, kinalia chumbani kwa nahodha au afisa mwenzako. Kimeokoa meli nyingi zisipande mwambani na afisa amelala kitini.

Lakini nitasema ukweli wangu. Baada ya miezi baharini kidole kinakwenda chenyewe kwenye kitufe. Mtu anabonyeza na fikra ziko kwao Chake Chake. Kifaa kinakuhakikishia kwamba yuko hai. Kwamba anajua meli iko wapi, hilo hakikwambii.

Mleta mada, isome ajali ya meli ya abiria Royal Majesty, Juni 1995, iliyokuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston. Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Kifaa kikaanza kukisia mahali kwa dira na kasi tu, kikalia kidogo mara moja na kuweka herufi ndogo mbili kwenye kioo. Siku moja na nusu hivi maafisa wakapokezana lindo wakiitazama ramani ya rada inayoonyesha wako njiani sawasawa, kumbe mkondo na upepo unawasogeza. Meli ikapanda fungu la mchanga karibu na Nantucket, maili 17 nje ya njia yake, na zaidi ya watu 1,500 ndani. Alhamdulillahi hakufa mtu.

Linaloniuma mimi ni kwamba walikuwa na chombo cha pili darajani, Loran-C, kinachotafuta mahali meli ilipo kwa mawimbi ya redio kutoka nchi kavu, kizima kabisa, kinachosema ukweli. Hakuna aliyelinganisha. Hata boya walilotakiwa kulipita, afisa mmoja aliripoti limeonekana, hali hakuliona kwa macho. Alitarajia liwepo, akaliweka. Watu wale hawakuwa wamelala, Nyundo. Wote walikuwa macho, na wenye vyeti.

Mzee_wa_Kichwa

Nimeendesha vichwa vya treni maisha yangu yote ya kazi, sasa nimestaafu. Vichwa vya zamani vilikuwa na kanyagio: ukiondoa mguu breki zinafunga. Madereva wengine wakaweka kitu kizito juu yake. Ndipo zikaja zile zinazokutaka uachie na kukanyaga tena kila baada ya muda. Na hizo mwili unazizoea, kama alivyosema huyu kijana wa baharini.

Kitu nilichokipenda ni cha Wajapani. Dereva wao akiona taa ya ishara ananyoosha kidole kuielekea na kuitaja kwa sauti: "Ishara ya kuondoka, kijani." Akitazama kipima kasi, ananyoosha kidole na kuitaja namba. Mgeni akiona atadhani mtu anaongea peke yake. Taasisi yao ya utafiti wa reli ilipima jambo hili mwaka 1994: kwenye kazi rahisi ya jaribio, makosa yalikuwa 2.38 kwa kila vitendo 100, yakashuka hadi 0.38 mtu alipotumia kidole na sauti pamoja. Hilo ni punguzo la asilimia 84 hivi. Na haigharimu hata shilingi. Mdomo ukitakiwa kutaja namba, jicho halina budi kuisoma.

Zamu_ya_Tatu

Shikamoo mzee. Hili nalichukua kama lilivyo. Kila nusu saa opareta asome kwa sauti joto la ganda, oksijeni na mzigo wa mota ya tanuri, na mtu wa patroli amsikie kwenye redio.

Dada_wa_Mkanda

Habari zenu. Niko kwenye ukaguzi wa mizigo kwa eksirei, uwanja wa ndege, sitasema upi. Naomba niongezee upande wetu maana sisi tunatafuta kitu ambacho karibu hakipo. Mabegi elfu kwa elfu, na bunduki labda hutaiona mpaka ustaafu.

Uhaba huo wenyewe ndio unaoharibu jicho. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake Marekani waliwapa watu picha zenye vitu vilivyochanganyikana watafute kifaa fulani. Kifaa kilipokuwepo kwenye nusu ya picha, walikikosa kama asilimia 7. Kilipokuwepo kwenye picha 1 kati ya 100, walikikosa asilimia 30. Watu walewale, picha za aina ileile! Ubongo ukishazoea kujibu "hakuna", unajibu "hakuna" haraka zaidi na zaidi.

Dawa tunayotumia ni mbili. Ya kwanza, muda. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinasema mkaguzi kwa kawaida asitazame picha mfululizo zaidi ya dakika 20, halafu akae mbali na picha dakika 10 angalau. Wengi duniani wanafuata utaratibu wa aina hiyo. Foleni ikirefuka ndipo msimamizi anaanza kukuomba "malizia hawa kwanza", na hapo ndipo pa kusimama imara.

Ya pili ni picha za kubuni. Mashine inapachika picha ya kisu au bomu ndani ya picha ya begi halisi la abiria. Ukibonyeza, inakwambia papo hapo ilikuwa ya majaribio. Ukiikosa, nayo inakwambia. Sijui ni lini itakuja, kwa hiyo kila begi nalitazama nikijua huenda limo. Kitu kimeacha kuwa adimu machoni mwangu, ingawa kwenye mabegi halisi bado ni adimu. Hili limenisaidia kuliko hotuba zote nilizowahi kupewa.

Nyundo

Dada nimekusoma, na hizo takwimu zimenifikirisha. Ila nawauliza: lile gari la majaribio la Uber kule Tempe, Arizona, Machi 2018? Gari linajiendesha, ndani kuna mtu wa usalama, kazi yake kuangalia barabara. Akawa anatazama kipindi kwenye simu. Mama wa watu aliyekuwa anavuka na baiskeli yake usiku akagongwa akafa. Hapo napo tuseme ubongo? Simu aliitoa mwenyewe.

Zamu_ya_Tatu

Swali la haki kabisa, na sitalikwepa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri iliweka kosa la yule mtu mbele: hakufuatilia barabara kwa sababu ya simu. Mwaka 2023 alikiri mahakamani, akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi. Sina ubishi na hilo. Aliyekufa alikuwa na haki ya kulindwa na mtu aliyekuwa ndani ya gari lile.

Lakini ripoti haikuishia pale. Awali magari yale yalikuwa na watu wawili, kampuni ikapunguza akabaki mmoja. Breki za dharura za kiwandani za lile gari zilikuwa zimezimwa lilipokuwa likijiendesha. Ripoti ikasema wazi kwamba kampuni haikuwasimamia vizuri watu wake, na haikuwa na njia ya maana ya kukabili kubweteka kunakoletwa na mtambo usiokosea mara kwa mara. Rada iliona kitu mbele sekunde 5.6 kabla ya kugonga, mfumo ukashindwa kuamua ni gari, ni baiskeli au ni kitu gani, na haukumwambia binadamu lolote mpaka muda umeisha.

Ndiyo maana nasema ukimwadhibu mtu ukaishia hapo, kiti kinabaki vilevile na atakayekikalia kesho atakuta usiku uleule. Adhabu ya simu naikubali. Barua ya onyo kwa kijana aliyekuwa anafanya kazi macho makavu sitaikubali.

Nesi_Likoni

Hamjambo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi hapa Kenya. Kwetu shida ni kinyume: mashine hazinyamazi. Kila kitanda kina mashine inayolia, na nyingi zinalia kwa sababu mgonjwa amegeuka au kibandiko cha kifuani kimeachia. Ukisikia mlio siku nzima, sikio linaufunga. Hata ile ya kweli inakuja na sauti ileile.

Tulichofanya ni kuacha viwango vya kiwandani na kupanga viwango vya kila mgonjwa mwanzoni mwa zamu, na kubadilisha vibandiko kila siku. Milio imepungua sana, na sasa ukilia tunanyanyuka.

Zamu_ya_Tatu

Dada umegusa penye kidonda. Alamu yetu ya joto la ganda usiku ule ilikuwa imelia. Ilikuwa imezama kati ya nyingine nyingi: mlango wa vumbi, kiwango cha tangi, kipimo kibovu ambacho hakijabadilishwa tangu mvua za masika.

Kwenye viwanda vya kemikali na mafuta hili lina historia yake. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Wales, kililipuka, watu 26 wakaumia. Katika dakika takriban 11 za mwisho kabla ya mlipuko, maopareta wawili walipokea alamu 275. Hesabuni wenyewe, ni moja kila sekunde mbili na ushei. Mwongozo wa Uingereza uliokuja baadaye unasema mtu anamudu vizuri wastani wa alamu moja kwa kila dakika 10, kazi ikiwa ya kawaida. Nimechapa orodha yetu ya wiki moja, na sisi tuko mbali mno na hapo. Alamu isiyomtaka opareta afanye kitu chochote haikutakiwa kuwepo.

Kibarua_Mtwara

Nafuatilia kwa makini sana wakuu. Naomba mleta mada ujibu hili: zile picha za kubuni za dada, kwenye tanuri mtazifanyaje? Ukiweka joto la uongo kwenye skrini, opareta si anaweza kupunguza makaa na kuvuruga tanuri zima?

Dada_wa_Mkanda

Kibarua, uko sahihi. Kwetu picha ya kubuni haidhuru kwa sababu begi linasimama tu. Mtambo unaotembea usiuwekee namba ya uongo kamwe. Na kuna hatari nyingine: siku ya namba ya kweli, mtu anaweza kudhani ni majaribio.

Baharia_wa_Wete

Dada kasema kweli. Sisi darajani tunafanya hivi: kila saa afisa achukue mahali meli ilipo kwa njia mbili zisizotegemeana, GPS kwa upande mmoja, na kwa mwingine rada au kuelekeza dira kwenye mnara wa nchi kavu. Aandike zote mbili na tofauti yake. Ukimwambia aandike namba moja, aghalabu ataijaza mwishoni mwa lindo kwa mkupuo. Tofauti haikisiwi. Lazima akachukue zote mbili.

Kwako, mleta mada, namba ya pili itoke kwa mtu wa patroli mwenye kipima joto cha mkononi. Yeye asitajiwe skrini inasema nini. Ataje aliyoyaona kwanza.

Nyundo

Haya, nimeelewa, na barua ya yule kijana mngeiondoa. Ila nauliza swali la mwenye fedha. Dakika 20 kazi, 10 pumziko, maana yake watu wawili kwenye kiti kimoja. Nani atalipa mtu wa pili usiku?

Zamu_ya_Tatu

Mtu wa pili yupo tayari, mkuu. Ni mtu wa patroli. Leo anatembea usiku kucha na opareta anakaa usiku kucha, mmoja anachoka miguu na mwingine anazubaa. Nitapendekeza wabadilishane kila saa: wa nje aingie kitini, wa ndani atoke akalizunguke tanuri kwa miguu na kipima joto mkononi. Ni kweli saa moja imezidi ile nusu saa ya Mackworth, ndiyo maana ile taarifa ya redio kila nusu saa itabaki palepale, katikati ya kila kipindi. Anayetoka atakuwa amesikia mlio wa feni na kuona rangi ya chuma, na akirudi namba za skrini zitakuwa zinamwambia kitu.

Gharama yake ni mafunzo. Watu wetu wawili wa patroli wanalijua tanuri kwa macho na masikio kuliko mtu yeyote, lakini hawajawahi kuliongoza kutoka kitini, na sitamkalisha mtu pale kwa wiki mbili za kutazama bega la mwenzake. Nataka waliendeshe kwa mkono, otomatiki imezimwa, mchana, tanuri likiwa tulivu na mhandisi amekaa pembeni. Na maopareta wa sasa nao wafanye hivyohivyo kila mwezi. Wanne kati yao wameajiriwa baada ya mfumo kufungwa na hawajawahi kuliwasha tanuri kwa mikono yao.

Mzee_wa_Kichwa

Anza na hao wanne.

Zamu_ya_Tatu

Nimekusikia mzee. Ratiba naiandika leo, wao ndio wiki ya kwanza.